Kilti Yangu na Mikunjo Myekundu

Dougal, nimekwisha! Niko ukweni kwa kina Elspeth, nimejifungia chooni.

Kilti ndiyo imeniponza. Ile sketi ya kiume ya Kiskoti niliyoshona mwenyewe kwa kitambaa cha ukoo wao, kijani chenye mstari mwekundu. Uliniambia nipange mikunjo kwa kufuata miraba, ili nyuma ifanane na mbele. Mimi nikajifanya fundi, kila mkunjo nikatokeza mstari mwekundu!

Baba mtu kanifungulia mlango, kanikumbatia kabisa. "Mwanangu! Umevaa rangi zetu!"

Nikageuka kufunga mlango.

Kaka, NIKAGEUKA.

"Elspeth! Mbona huyu nyuma ni mwekundu kama wale wa ng'ambo ya mto? Si ndio walioiba ng'ombe wetu!"

Nikauliza waliiba lini.

"Miaka mia tatu iliyopita! Kwani wamerudisha?"

KWANI WAMERUDISHA, Dougal!

Supu nimekunywa nimebandika mgongo ukutani. Huku chooni nimekuja kinyumenyume.

Ngoja, bibi yake Elspeth anagonga mlango. Kumbe yeye alizaliwa hukohuko ng'ambo ya mto! Ananong'ona: "Mjukuu wangu, ukitoka, toka hivyohivyo kinyumenyume, nikuone vizuri."