Ufa wa Sebuleni

Kinyozi, ndugu yangu,

Natumai barua hii imekukuta mzima, pamoja na shemeji na wale watatu, na kwamba goti lako limepunguza usumbufu. Sisi huku miili haina shida. Najua tabia yako ya kurukia mstari wa mwisho. Safari hii nakuomba usome taratibu.

Mtaa wetu sasa huwezi kuutambua. Nyumba ya mwalimu wa muziki imekatwakatwa vyumba vya wageni wanaolala siku mbili, kisha hao, masanduku yao ya magurudumu yakigonga mawe ya uchochoro tangu alfajiri. Duka la viatu limekuwa mkahawa, na kikombe chenyewe cha kahawa ni kidogo kama cha kuchezea watoto. Kazi ninayo, nisikufuru: kila mwenye jengo la kale anataka chokaa mpya. Lakini upate nyumba ya kupanga yenye vyumba vitatu vya kulala, thubutu. Nilitafuta mwaka mzima. Dalali mmoja alinionyesha chumba na sebule, akaniambia watoto watano wanaweza kulala kwa zamu.

Ulikuwa unajua tulivyobanana. Mama alilala na wajukuu wanne, binti mkubwa alibadilishia nguo jikoni. Mke wangu aliniambia kwamba mimi ni fundi wa nyumba zote za mtaa huu isipokuwa yetu. Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililoniuma.

Habari ambayo hujaipata ni kwamba tangu mwezi uliopita tunakaa kwenye nyumba uliyohama wewe. Mwenye nyumba alinipa kwa kodi ileile kwa sababu nilijitolea kuuziba ule ufa wa sebuleni. Mama ana chumba chenye dirisha. Binti ana mlango wa kufunga.

Wiki jana yule dalali alinyolewa kwako bila kujua kwamba tunafahamiana. Alinisimulia kwamba kinyozi mmoja wa kule pembezoni mwa mji humweleza kila anayekaa kitini kuwa ana rafiki fundi aliyemwokolea watoto. Hiyo ndiyo sababu ya barua hii.

Unakumbuka mwenye nyumba aliponiita niukague ufa wa sebuleni. Nilipaka kiraka chembamba cha plasta juu yake, nikaandika tarehe, nikakueleza kwamba ukuta ukisogea kiraka kitapasuka, usiposogea kitabaki kizima. Wiki ya sita ukanipigia simu kwamba kimepasuka katikati. Siku ileile mkaanza kufunga mizigo. Ulinishika mikono yote miwili ukanishukuru.

Ndugu yangu, ukuta haukusogea. Kiraka nilikipasua mimi, Jumapili ile nilipokuja kuwasalimia. Wewe ulikuwa bafuni, shemeji alikuwa jikoni akinichemshia chai. Pigo moja dogo la patasi. Chai ilipokuja niliinywa yote. Ufa ule ulikuwapo kabla babu zetu hawajazaliwa na ungekaa vilevile. Niliitaka nyumba yako, basi. Nimetafuta maneno ya kulipamba jambo hili, sikuyapata.

Juzi nilimwambia mwenye nyumba ukweli. Alifoka, kisha akasema ukirudi kabla ya mwezi kwisha, nyumba ni yako kwa kodi ileile. Usiporudi, anaikata vyumba vya wageni. Mimi hanitaki tena kwa vyovyote. Kwa hiyo usione haya kwa ajili yetu. Sisi tunatoka, uje usije.

Mke wangu nimemweleza. Hajanigombeza. Anafunga vyombo. Mama bado sijamwambia. Leo asubuhi ameniomba nimpigilie msumari wa kutundikia kioo chumbani kwake, akanielekeza pa kuweka, juu kidogo, kushoto kidogo, na mimi nikampigilia.

Nijibu, hata kwa matusi. Wabusu watoto. Salamu kwa shemeji nimeziandika mara tatu nikazifuta. Utajua mwenyewe la kumwambia.

Ni mimi,
Fundi