Mkwe Wangu Atalala Ndani ya Mashua

Blaine, Minnesota
Jumapili, 23 Juni 2013

Kwa dada yangu mpendwa Nyaboke,

Pokea salamu za kujaza nyumba, wewe na shemeji na wote wanaokula mezani kwako hapo Nakuru. Macho yanaendeleaje tangu daktari akutoe mtoto wa jicho? Usiyasugue. Nakujua, wewe ukiambiwa usiguse ndipo unapogusa. Sisi huku tu wazima. Mjukuu wetu Kerubo anang'aa mafuta kila asubuhi, na mimi nimenenepa hadi ile sketi yangu ya bluu ya kanisani imekataa kufunga. Nimeiambia ikae hivyo hivyo, sitapungua kwa ajili ya kitambaa.

Nimeandika Kiswahili kwa sababu najua Mama Wangeci jirani yako ndiye atakayekusomea. Mama Wangeci, asante mama, Mungu akuongezee. Soma polepole, na mbele nitakuambia mahali pa kufunga mlango. Habari hizi sikutaka kuzipitisha kwenye simu. Simu yako unaifungua sauti yote, na hapo kwako kuna watu hata nisiowajua wanaonijibu kabla yako. Alfred, kijana wa kanisani kwetu anayechomelea vyuma kiwandani, anakuja Kenya juma hili, na barua hii itasafiri ndani ya koti lake.

Kwanza nikueleze ninapokaa, maana nimesikia huko mnasema mwanangu Serah ameniweka uani. Ni kweli niko uani. Lakini ngoja usikie.

Nilipotua Aprili, theluji ikiwa bado imejaa barabarani, Serah alinionyesha chumba kizuri, kitanda cha mtu kuzama, na mlango wake unatazamana na mlango wao. Nikarudi sebuleni nikakaa na koti langu mwilini na mkoba magotini. Nikamwambia mchana nitaingia kumlea mtoto, lakini jua likitua anitafutie paa lingine, mimi silali nyumba moja na mkwe wangu. Serah alilia kidogo, akasema hapa si Kisii. Nikamwambia najua hapa si Kisii, lakini mimi ni Mkisii, na chinsoni, ile miiko yetu ya heshima kati ya mtu na mkwewe, sikuiacha uwanja wa ndege. Mkwe alikuwa jikoni amenipa mgongo kwa heshima. Mimi namwita Baba Kerubo. Jina lake unalijua, lakini mdomo wangu ulikuwa haujawahi kulitamka tangu aje kuoa.

Nikalala kwa kina Alfred siku chache. Kisha Baba Kerubo akarudi nyumbani na pikapu inayokokota nyumba. Nyumba kabisa, dada. Ina magurudumu, na shingo yake inapanda juu na kulala mgongoni mwa pikapu. Ndani kuna jiko la gesi, friji, choo cha kuvuta maji, na ngazi ya kupanda kwenye kitanda changu. Ufunguo ninao mimi peke yangu. Nani kati yetu, watoto wa baba yetu, aliwahi kuwa na nyumba inayoweza kwenda sokoni? Mama mmoja Mzungu wa nyumba ya pili alikuja na biskuti akauliza kwa sauti ya huruma kama nimefukuzwa. Nikamwambia Serah amjibu kwamba mimi ndiye niliyewafukuza wao.

Sasa habari ya Serah, na hapa naomba unyooshe shingo kabisa. Miaka yote hii ni nesi huko Saint Louis Park, nesi anayeitwa na madaktari kwa jina lake. Lakini moyo wake uko wodi ya kujifungulia, na kila akiomba kuhamishiwa huko anaambiwa asubiri. Mwezi wa tano hospitali moja ya North Dakota ikamwita. Huko wamepata mafuta ardhini, watu wamemiminika, wanawake wanajifungua kila saa na wakunga hawatoshi. Wakampa wodi hiyo hiyo kwa miezi mitatu, aanze tarehe moja Julai. Akifanya vizuri, akirudi mjini hakuna atakayemwambia tena asubiri. Na Baba Kerubo naye akaahidiwa kazi ya kuendesha lori la maji huko huko.

Shida ni moja. Katika mji huo hakuna nyumba. Watu wanalala ndani ya magari. Ukienda, nenda na nyumba yako, na nyumba tuliyo nayo ya kwenda ni hii yangu. Mtoto bado ananyonya, kwa hiyo lazima aende na mama yake, na mimi lazima niende na mtoto. Haya, paa moja, na chini yake mimi na mkwe.

Serah alikuwa anakunja nguo za mtoto aliponiambia ataikataa kazi. Alisema bila kuniangalia. Dada, wewe ndiye uliyempokea Serah. Mikono yako ndiyo ya kwanza duniani kumshika. Tangu akiwa anakaa kwenye beseni alikuwa anasema atakuwa mkunga kama Mama Mkubwa. Nikajiambia chinsoni sitaivunja, na mwanangu sitamvunja. Nikatoka nikaizunguka nyumba yangu mara mbili. Nilipofika mkiani nikawaita wote wawili. Nikawauliza: ikiwa pikapu inakokota nyumba, kwa nini mkia wa nyumba haukokoti kitu?

Wakadhani natania. Lakini Baba Kerubo alikwenda kuulizia, akaambiwa inaruhusiwa hapa. Nyuma kabisa unaweza kufunga mashua juu ya trela yake, au pikipiki, vitu vya starehe namna hiyo. Ila siku za kazi usipite katika miji hii na msafara mrefu saa ambazo watu wanakwenda na kurudi kazini. Nikauliza, hakuna mashua yenye chumba? Kisha Serah akacheka mpaka akakaa chini, na yule mwingine nikamwona mabega yanatikisika huku ametazama ukuta.

Mashua ikapatikana, kuukuu lakini safi, nyeupe, ina kijumba mbele cha kulala watu wafupi wawili. Baba Kerubo ni mrefu. Atajikunja.

Kumbe mkia wa nyumba yangu haukutengenezwa kuvuta. Fundi mmoja wa Burnsville aliinama akautazama, akasema vyuma vya chini huko nyuma ni vyembamba, ukifunga trela bila kuviongezea nguvu vitapinda au vitang'oka njiani. Akasema anaweza kuifanya kazi, lakini Agosti. Agosti wodi itakuwa imepewa mwingine. Basi Alfred akalala chini ya nyumba na utepe wake wa kupimia, akakata vyuma vinene vya kushikana na vile vya nyumba kutoka karibu na magurudumu hadi mkiani, na mwisho wake boriti la kubeba kile chuma cha kufungia trela. Kazi ikagawanywa. Alfred anachomelea, Baba Kerubo anakaza bolti, mimi nasimamia. Usicheke. Kuna nati niliyoiona imelegea kabla yao wote.

Mama Wangeci, hapa ndipo. Funga mlango, na sauti uipunguze.

Alhamisi mchana Serah alikuwa kazini, na Alfred amekwenda kununua bolti ndefu zaidi. Nilikuwa ndani mwangu nachambua mboga za managu, mtoto yuko kitandani. Baba Kerubo yuko chini ya mkia, amelishikiza lile boriti kwa jeki. Nikasikia jeki inateleza. Halafu nikasikia sauti ambayo si ya chuma.

Nilimzungushia mtoto mito, nikashuka. Niliona miguu tu imetoka nje, kiatu kimoja kimevuka. Nikapiga magoti nikachungulia. Boriti lilikuwa limemlalia mkono na upande wa kifua, anapumua kwa shida. Na unajua alikuwa anafanya nini kwa mkono ule mzima? Alikuwa amejifunika uso, nisimwone katika hali ile. Akaniambia, "Mama, rudi ndani."

Nikamwambia, "Nahashon, nyamaza."

Ndiyo, dada. Nimelitamka. Na si hilo tu.

Nilichukua mbao ya Alfred, ile nene, nikaipitisha chini ya boriti, nikaweka tofali chini ya mbao, kisha nikakaa juu ya ncha yake kwa uzito wangu wote. Ule unene niliokuambia mwanzoni, nadhani Mungu alikuwa ananiwekea kwa siku hiyo. Boriti likainuka kidogo. Nikasukuma kwa mguu kigogo kilichokuwa kando kikaingia chini yake kushikilia. Halafu nikaingia kule chini mimi mwenyewe, nikamshika mkwe wangu kwapani, kwa mikono hii, nikamvuta hadi kwenye nyasi. Kichwa chake nikakiweka mapajani mwangu. Mkono nikaufunga kwa kitambaa nilichokivua kichwani, kwa hiyo aliniona kichwa wazi pia. Chochote unachoweza kufikiria kwamba mama mkwe hafanyi, mimi nilikifanya mchana kweupe.

Nilipiga mayowe ya kwetu, na yule mama wa biskuti akaja mbio, akaita ambulensi, akabaki na mtoto. Watu wa ambulensi waliniuliza mimi ni nani wake. Sikutafuta Kiingereza kirefu. Nilisema mama. Nikapanda naye, kwa sababu alikuwa amenishika mkono. Hakuuachia, nami sikuuvuta.

Mkono umevunjika mahali pawili na umefungwa plasta hadi juu ya kiwiko. Mbavu zimechubuka, hazikuvunjika. Anakula. Mshukuru Mungu hapo ulipo.

Tuliporudi, Serah aliniketisha. Akasema kwa upole kwamba mambo sasa yamekuwa mepesi: kama nimekwisha kumshika na kumwita jina, kimebaki nini? Tuiache mashua, tuache na habari ya chuma, tulale wote ndani ya nyumba ya magurudumu, mtu aliyevunjika mkono asijikunje kama mwavuli. Na Alfred akaunga mkono, akasema hata Mungu ataelewa. Nilimwambia Serah neno moja, na ninaliandika hapa kama nilivyolisema: "Nilimshika ili aishi. Hiyo si ruhusa ya kulala."

Serah akafungua mdomo, lakini aliyejibu ni mwingine. Baba Kerubo alikuwa upande wa pili wa mlango, akasema, "Mama amesema kweli. Kimalizeni hicho chuma."

Alfred akakimaliza, na safari hii hakuna aliyeingia chini bila magogo manne ya kushikilia. Yule fundi wa Burnsville alipita akakipigapiga na kukitikisa, akaridhika. Jana tulikwenda kukijaribu kwenye uwanja mpana wa kuegesha magari wa duka lililofungwa. Na nani aliyekuwa kwenye usukani? Serah wako. Mume ana plasta, nani mwingine? Pikapu mbele, nyumba katikati, mashua nyuma, na binti yetu anaizungusha treni hiyo yote bila kugusa hata mstari uliochorwa chini. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma na mtoto, nikitazama dirishani kama kuna watu wanaoona. Walikuwepo wawili tu, wakatupungia, nikawapungia kama mke wa waziri. Tunaondoka Jumamosi asubuhi.

Sasa dada, wewe ndiye mkubwa wetu. Sikutaka uisikie hii kwa mtu mwingine. Waambie watu wa kwetu, na uwafikishie watu wa upande wa mkwe, kila kitu kama nilivyoandika, usipunguze. Waulize kinachotakiwa ili tutakaswe. Kama ni mbuzi atoe yeye, atatoa. Kama ni mimi, nitatoa dume nono, na nikirudi Oktoba nitakaa mnaponiambia nikae mpaka mtakapomaliza. Lakini msiniambie niseme ninajuta. Hilo halitatoka. Wewe umewashika wanawake wa nyumba zote za ukweni kwako walipokuwa wanapotea katika kujifungua, hata wale ambao hukustahili kuona miguu yao, na sijakusikia ukijuta.

Serah anakusalimu, anasema akimpokea mtoto wa kwanza huko atakupigia simu akuambie uzito wake. Mwambie shemeji apunguze chumvi. Lile jina Mama Wangeci amelisoma mara moja, asilirudie, nimekwisha kulirudisha mahali pake. Na Baba Kerubo, ambaye tangu juzi analala kule kwenye mashua kujizoeza, ametoa kichwa kidirishani sasa hivi, amenipa kisogo kama inavyopasa, akasema nimwambie Mama Mkubwa kwamba haivuji.

Ni mimi mdogo wako,
Kemunto, Mama Serah,
mwenye nyumba.