Taa Nilizoagiza Ziinuliwe

Kinole,
Jumapili asubuhi

Dada yangu Hafidha,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute na afya hapo Dumila, na kifua kiwe kimekuachia. Mke wangu Pili anakusalimu sana. Mimi nasema sijambo kwa sababu ndivyo tunavyosema.

Mwanao Abdulmajid ametoka hospitali wiki iliyopita, yuko hapa kwetu na mkewe. Kidonda cha mguu uliokatwa kimeanza kukauka. Jana aliomba atolewe barazani aione barabara, na kabla hata hajakaa vizuri akaomba arudishwe ndani.

Umenishukuru mara nyingi kwenye simu kwa kumkimbiza Morogoro usiku ule. Kila ukinishukuru nakata, nasingizia mtandao. Kwa mdomo nimeshindwa, ndiyo maana naandika.

Kazi yangu unaijua. Ndizi na machungwa lazima vifike sokoni Mwembesongo kabla ya jua, kwa hiyo nashuka mlima na lori langu la kenta saa tisa za usiku. Tangu mwaka jana nikawa sioni barabara vizuri. Nikabadilisha balbu, sikuona tofauti. Nikapiga polishi vioo vya taa, wapi. Mwisho nikaenda kwa Evance, fundi wa umeme wa magari, anifungie taa za LED. Alipomaliza akataka kuziinamisha, akanieleza kwamba zikikaa juu zinampofusha anayekuja mbele. Nikamkatalia. Nikamwambia, "Ziinue. Wenzangu watajijua." Akanitazama kidogo, akasema, "Haya mzee, gari ni lako."

Siku ya nne, kwenye kona kali chini ya Kinole, nikasikia kishindo upande wa kulia. Sikuwa nimeona kitu. Nikashuka na tochi ya simu, nikamkuta Abdulmajid korongoni, pikipiki imemlalia mguu. Alikuwa anarudi kutoka kumpeleka mgonjwa. Watu walipofika niliwaambia nimemkuta ameshaanguka.

Alipozinduka alisema taa nyeupe zilimjia usoni, barabara yote ikapotea. Ni gari gani, hakujua. Nilikuwa kando ya kitanda, nimemshikia kikombe cha uji. Nikaendelea kumnywesha.

Dada, zilikuwa taa zangu. Na hilo si lote. Kabla sijaenda kwa Evance, daktari wa macho alishanipima. Alisema nina presha ya macho, pembeni sioni tena, na kilichopotea hakirudi. Akanikataza kuendesha usiku. Sikumwambia mtu, hata Pili. Nilijua kabisa kwamba ubovu haukuwa kwenye taa, nikazifunga hivyo hivyo, maana nikiuacha usukani sijui mimi ni nani tena.

Abdulmajid bado hajui. Kila asubuhi ananiegemea begani nimpeleke chooni, na kila tukirudi ananiombea dua. Siwezi tena kuzipokea dua zile. Nikimaliza kuandika nitaingia nimsomee yeye kwanza, ndipo nikutumie.

Sikuombi unisamehe, sijui ningeufanyia nini msamaha wako. Wasalimie majirani wote hapo Dumila. Usiponijibu, nitaelewa.

Ni mimi mdogo wako,
Salehe

Nimeshamsomea. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunitukana. Kisha akamwita mkewe amshike ainuke. Nilipompa bega langu, akaniambia niliondoe.