Kambale wa Shangazi Hahitaji Mawese

Papa mpendwa, pokea salamu zinazonukia samaki, maana mikono yangu ingali na mafuta.

Niko Nyakabere kwa dada yako. Nilipomwambia umefukia bwawa lako kwa sababu kambale wa kufugwa hana ladha, alicheka mpaka kitenge kikamfunguka. Akaweka kikaango kwenye makaa bila tone la mawese, akatia vipande viwili. Kimoja kilikuwa cha kambale aliyeshibishwa pumba za mchele tu. Kikaganda chini, kikakauka. Cha pili kilikuwa cha kambale anayelishwa vichwa vya ndagala, wale dagaa wa ziwani, wanavyotupa wachuuzi wa samaki kule Kilibula. Papa, kilianza kuimba! Kikajikaanga kwa mafuta yake chenyewe, nasi tukayafuta kwa bugali mpaka kikaango kikang'aa.

"Minye nasemaka kila siku," akasema Shangazi, "samaki iko vile unailisha. Uulize papa yako: za kwake alikuwa anazipatia nini ya kula?"

Papa, yale maganda ya mihogo uliyokuwa ukiwatupia sikuyataja. Ila nakuja na gunia la vichwa vya ndagala. Mungu akupe nguvu ya kushika jembe, maana bwawa lile tunalifukua.

Binti yako, Faida