Shemeji Alivyobebwa na Theluji

Shoga yangu Furaha,

Kwanza usishtuke huko uliko: mumeo ni mzima. Kiatu kimoja tu ndicho hatukukipata.

Tangu tukuzike, shemeji Kasongo alikuwa hasemi. Anashinda dirishani pale kwenu Berea, chai inapoa mbele yake. Mimi nami kiti chako saluni sijampa mtu. Mteja akikikalia namhamisha, wananiona mwehu. Basi wiki mbili zilizopita theluji ya kwanza ikaanguka milima ya Drakensberg, nikakumbuka ulivyokuwa na hamu ya kuiona. Nikamwambia shemeji, twende sisi. Akakubali. Akaketi kwenye cherehani yake, akajishonea koti kwa lile blanketi lenu nene la maua mekundu. Eish, shoga! Alikuwa kama kitanda kinachotembea.

Mwongozaji wetu, dada wa Kisotho anayeitwa Palesa, alitusimamisha chini ya korongo lililojaa theluji nyeupe pee. Akasema hapo hakanyagi mtu. "Theluji ya mwanzo wa baridi haijashikana na ardhi. Chini yake ni nyasi zinazoteleza, na upepo umeirundika yote upande huu. Jua likiipiga, inashuka." Alisema kwa Kizulu, nami nikamtafsiria shemeji neno kwa neno. Akaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi mwema, kisha akasema, "Haina shida, naishika kidogo tu," akapanda.

Hakufika mbali. Tulisikia kishindo, kama mtu kaangusha mlango. Theluji ikapasuka juu yake, mteremko mzima ukaanza kushuka naye, kakaa kitako, mikono hewani, anaita "Furahaaa!" Shoga, alikuita wewe kwanza, Yesu baadaye.

Ilipotulia, kilichoonekana ni kichwa na maua mawili ya koti. Nikataka kukimbia, Palesa akanidaka gauni: "Ngoja!" Akatazama juu kwanza kama kuna nyingine inakuja, ndipo tukaingia. Nilichimba kwa mfuniko wa sufuria ya pilau tuliyobeba. Nalia, namtukana, nasoma Ayatul Kursi, vyote kwa pamoja. Na wewe nilikusema, nisamehe. Nilisema, Furaha, usimwite huyu, machozi ya kukulilia wewe hatujayamaliza.

Tulimtoa anatetemeka, midomo ya majivu, mguu mmoja una soksi tu. Akaniangalia. "Zuhura," akasema, "leo Furaha angenichapa." Akaanza kucheka. Akacheka mpaka akainama, mimi nikacheka, Palesa asiyejua Kiswahili hata neno naye akacheka. Halafu kicheko cha shemeji kikageuka kilio. Msibani hakulia, unajua? Alilia pale, kwenye baridi ile, nikamshika tu.

Hatukukaa. Asubuhi mbingu ilikuwa safi, mara mawingu yakatushukia, Palesa akatukimbiza chini na pilau haijaliwa.

Sasa mumeo anasema, shoga, mpaka tunachoka. Mtu akileta suruali ipunguzwe, lazima asikilize maporomoko yote, na kila akisimulia mlima unarefuka. Juzi kamwambia mteja alizikwa mpaka machoni. Nami nikaitikia, "Kweli kabisa."

Lala salama, mwenzangu. Wewe niimbie nyimbo zako za kanisani, mimi nakusomea dua zangu, zitakutana huko mbele. Na nakuahidi: Jumapili atakula kwangu, kila Jumapili, hata akisema samaki wangu hana ladha kama wako.

Ni kweli hana.

Zuhura wako