Alois Alikuwa Amesimama Pembeni

Kasekese,
Wilaya ya Tanganyika,
Katavi.
6 Julai 2025

Mpendwa shemeji Method,

Pokea salamu zetu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo huko Masasi, wewe na mwenzangu Vestina? Kile kifua cha mtoto kimepona? Tulimwombea Jumapili mbili mfululizo, naomba unijibu hilo kwanza kabla ya mengine.

Sisi huku tu wazima. Mama yenu goti linamsumbua asubuhi, ila jua likishapanda anatembea mwenyewe mpaka kanisani na hataki kushikwa mkono. Mahindi tumeshavuna na karanga zimekubali kuliko mwaka jana.

Shemeji, kesi ya mume wangu Alois imekwisha. Nimeona nikuandikie kwa karatasi, maana kwenye simu kila nikianza mtandao unakata, au nakata mimi kwa kulia. Nakala ya hukumu nimeiweka humu ndani ya bahasha. Lakini hukumu haisemi yote.

Siku ya nne baada ya mazishi, wewe ulikuwa umeshapanda gari la kurudi kazini, walikuja wanaume wawili wametumwa na tajiri mwenye lile lori la Fuso lililomgonga Alois. Walileta mchele na sukari, wakatupa pole vizuri, halafu wakatoa karatasi wakasema ni ya kuonyesha kwamba rambirambi imefika. Baba mdogo Fredrick alikuwa ameshashika kalamu. Sijui nguvu niliitoa wapi, nikasema, "Baba mdogo, naomba nisome kwanza." Mstari wa mwisho ulisema kwamba ajali ilitokana na uzembe wa marehemu, na familia haitadai popote.

Nilifunga ile karatasi kwenye ncha ya kitenge changu. Wale watu waliniambia niirudishe, nikakataa. Baba mdogo alinikasirikia mbele yao, lakini walipoondoka akasema, "Mwanangu, mimi macho yangu hayaoni herufi ndogo."

Paroko ndiye aliyenielekeza Mpanda mjini kwa dada mmoja anaitwa Rosine, msaidizi wa kisheria, ofisi yake iko nyuma ya soko. Amekulia Mishamo, ni mtu wa maneno machache. Aliisoma ile karatasi mara mbili, akaniangalia. "Mama, umesaini?" Nikasema hapana. Akashusha pumzi, akanivutia kiti.

Yeye ndiye aliyenifundisha kila hatua, na hakunidai kitu. Cheti cha kifo, ripoti ya polisi, kikao cha ukoo kile ulichokubali kwa simu, kisha Mahakama ya Mwanzo kunithibitisha kuwa msimamizi wa mirathi. Bila hilo, bima wasingenisikiliza. Kumbe gari likiua mtu, bima ya gari hilo inawajibika kwa familia yake. Mimi nilidhani bima ni karatasi ya kubandika kwenye kioo.

Shida ikawa moja. Dereva wa Fuso aliwaambia polisi kwamba pikipiki ya Alois ilimwingilia upande wake kwa kasi. Nani angembishia? Alois hayupo. Na wewe shemeji, najua ulisema pale msibani kwamba ulimkataza mwendo wa kasi. Ulisema kwa uchungu, sina kinyongo. Hata mimi nilianza kuamini hivyo.

Nikasikia kuna mama wa Kisukuma, Nyanzala, ambaye siku ile alikuwa anatembea kando ya barabara na ndoo ya maziwa. Nikaenda kwao kwa miguu. Mume wake, Manyanda, alinipokea kwa heshima, akanipa kigoda na maziwa, lakini alikataa. "Mama, sisi hapa ni wafugaji wa kuja. Nikimpeleka mke wangu polisi, kesho wataniuliza ng'ombe wangu wamelala wapi." Nyanzala alikuwa ameinama tu. Nikawaachia namba ya Rosine, nikarudi nyumbani nimekata tamaa kabisa.

Baada ya wiki mbili Rosine akanipigia simu. "Njoo ofisini, kuna mgeni wako." Nikamkuta Nyanzala amekaa na mtoto mgongoni, na Manyanda amesimama mlangoni kofia mkononi. Aliniambia mke wake amekataa kula vizuri tangu nilipoondoka kwao.

Mahakamani, kwenye kesi ya dereva, Nyanzala alizungumza Kisukuma, mkalimani akatafsiri. Alisema basi lilipita likaacha vumbi zito kama ukuta. Alois akasogea pembeni, akazima pikipiki, akaweka mguu chini kungoja vumbi litue. Hata alimsalimia Nyanzala. Ndipo Fuso likatoka ndani ya vumbi likijaribu kulipita lori lenzake, likamfuata kule kule alikosimama.

Alikuwa amesimama, shemeji. Alikuwa anangoja.

Nililia mpaka hakimu akanipa nafasi ya kutoka nje, lakini sikutoka. Nilitaka kusikia yote. Na mkaguzi wa magari naye alieleza kwamba breki za Fuso zilikuwa zimekwisha. Mwishowe yule dereva, kijana Amosi, aliomba kusema. Akakiri kwamba alikuwa ameendesha tangu jana yake bila kulala, na breki alishaziripoti kwa tajiri mara mbili akaambiwa amalize mzigo kwanza. Alitiwa hatiani. Mama yake alinifuata nje akapiga magoti, nikamwinua. Tukashikana mikono.

Bima nao wameandika kukubali kwamba gari lao ndilo lenye kosa. Malipo bado, Rosine anafuatilia na mimi nahudhuria kila tarehe. Binti yetu Queen atarudi shule muhula huu, hilo limeshapangwa.

Juzi alikuja mama mjane kutoka Sitalike, amesikia habari zangu kanisani. Mume wake aligongwa na gari mwezi wa tano, naye ameletewa karatasi asaini. Nilimpikia uji, nikamwambia asisaini chochote asichokielewa, na siku ya kusaini niwe pembeni yake. Keshokutwa asubuhi tunapanda gari pamoja kwenda kwa Rosine.

Msalimie Vestina na watoto wote. Mama yenu anakusalimu, baba mdogo Fredrick anakusalimu, na Nyanzala amesema nikuandikie jina lake pia. Mungu awalinde barabarani na nyumbani.

Ni mimi shemeji yako, ninayewapenda na kuwakumbuka kila siku,

Pudensiana