Kabla Sijaitwa Lukwele

Kihonda, Morogoro
Alhamisi, 11 Julai 2024

Mama yangu Josephina,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Dada Esther ameniambia kwa simu kwamba umeanza tena kupanda mwenyewe hadi shamba la juu kuangalia kabichi, wakati daktari alikutaka ukae. Kukukataza ni kupoteza pumzi, kwa hiyo nakusalimu tu na kukuombea. Sisi huku hatujambo. Gereji inakwenda, kikohozi cha mkwe wako kimepungua, ila vumbi la Kihonda la mwezi huu wa saba linatufanya sote tuonekane wazee.

Barua hii nampa Martina, maana leo ameshuka na karoti zake na kesho anarudi huko mlimani. Nimemwambia akukabidhi mkononi. Mama, vaa miwani uisome mwenyewe, ukiwa umekaa, na usimpe dada akusomee. Ukiona mwandiko umepinda usinicheke kama ulivyozoea.

Nimepata ujumbe wako na wa wazee wa ukoo. Kwamba Jumamosi ya tarehe ishirini nitakalishwa kwenye mkeka, utanipaka unga kichwani, na kuanzia hapo nitaitwa Lukwele, jina la mjomba na la wajomba waliomtangulia. Kwamba mtama wa pombe umeshalowekwa na Padri amekubali kusoma misa asubuhi yake. Na kwamba utamchinja ng'ombe wako Neema, kwa kuwa jina zito kama hilo halitolewi kwa kuku. Halafu ukauliza, kwa ile sauti yako ninayoijua, kwa nini niliondoka msibani kabla ya kaka yako kufukiwa. Umesema watu wamesema. Mpwa aliyepaswa kutupia udongo wa kwanza alionekana Mkuyuni akinywa soda.

Mkuyuni nilikuwapo kweli, Mama. Haikuwa soda. Na kilichonifukuza pale ni bibi Mwaisha, mtani wetu.

Unakumbuka alivyofanya. Alivaa bereti ya mjomba, akajifunga mto tumboni, akashika fimbo yake na kulizuia jeneza mlangoni, kama watani wanavyofanya kwenye misiba yetu miaka yote. Akatembea kwa kuchechemea kama yeye. Kisha akapaza sauti kama ya mjomba, akasema maneno ambayo mjomba alikuwa akiyasema kila sikukuu tangu astaafu: "Fungueni geti, watani wangu wamefika. Leo ni nyama tu." Watu wakacheka hadi wakalia. Hata wewe ulicheka huku unafuta machozi. Mimi niliondoka pale mlangoni. Nilizunguka nyuma ya jiko, nikatapika kwenye migomba yako, nikashuka mlima bila kumuaga mtu.

Sasa nisikilize. Wewe unamjua kaka yako aliyeleta bomba la maji kijijini, aliyenisomesha, aliyekuezekea nyumba bati. Huyo alikuwapo, simkatai. Lakini mimi nimemwendesha miaka minne, na dereva huona yale ambayo dada hapelekewi.

Unajua alivyoondoka mlimani akiwa na miaka ishirini na moja kwenda vitani Kagera, na alivyoshuka garimoshi Ngerengere akiwa na tundu la risasi pajani. Alipokuja likizo alikuwa akitusimulia watoto habari za mtu aliyemkuta migombani, upande wa pili. Alimchoma singe. Yule mtu akamshika ukosi, akamwomba maji. Mjomba akampa maji kwenye kibuyu chake cha askari, akamngoja ameze, kisha akamchoma mara ya pili. Alituigizia jinsi yule mtu alivyokuwa akigugumia, tukaanguka kwa kicheko. Nilikuwa na miaka minane. Nilimwomba arudie.

Alipanda cheo hadi ukanali, akastaafu jeshi, na mwaka 2012 akateuliwa kuwa mkuu wa wilaya kule mpakani. Akanichukua niwe dereva wake. Ulifurahi sana, ukanifungia maharage debe zima.

Wilaya ile ilikatwa na mto. Ng'ambo ni nchi nyingine, na ng'ombe na bunduki vilivuka pande zote mbili bila kuuliza ruhusa. Nataka niwe mkweli kwake hata sasa: hakuanza yeye. Mwezi wetu wa kwanza majambazi walivuka wakachoma kijiji kinachoitwa Rusengo. Watu kumi na mmoja walikufa. Mwalimu alipigwa risasi akiwa ameshika chaki. Mama mmoja tulimkuta kisimani amekatwa shingo, ndoo yake imejaa vizuri kabisa. Niliwabeba mimi na mgambo, tukawapanga kwenye baraza ya shule. Mjomba alisimama akawahesabu kwa fimbo yake.

Wiki iliyofuata mgambo walikamata wanaume wawili wachungaji mtoni. Hakuna aliyejua kama walikuwa Rusengo au la. Mjomba akaamuru wafungwe kamba nyuma ya gari, ili kijiji kilichochomwa kiwaone wakipitishwa. Niliweka gia ya kwanza. Alikaa pembeni yangu kama kawaida, akaniambia niweke ya pili. Nikaweka. Mmoja alikufa kabla hatujafika kwenye kanisa la Rusengo, na mwingine sijui aliishi vipi, maana hakuwa na uso. Mjomba aliniambia garini kwamba watu wa mpakani hawahitaji kukupenda, wanahitaji kukukumbuka. Jioni yake alikula vizuri na kuuliza hali yako.

Miaka minne ilikwenda hivyo. Wao walivuka wakaua, sisi tukavuka tukachoma mazizi. Niliona mtu akichapwa mpaka fimbo ikaanza kuteleza mkononi mwa mchapaji. Ripoti zilizopelekwa juu zilisema ujambazi umepungua, na kusema kweli ulipungua. Alipewa cheti, kile ulichotundika sebuleni karibu na picha ya Bikira Maria.

Sasa nifike kwa Shukuru, ambaye hujawahi kumsikia. Alikuwa mchungaji wa ng'ambo, rika langu, na Kiswahili chake kilinyooka kuliko changu. Alikuwa akileta maziwa kwenye kivuko. Tulianza kutaniana kwa mzaha tu. Aliniita mbuzi wa mlimani mla majani, mimi nikamwita mume wa ng'ombe. Alinywa chai yangu bila kuomba, mimi nikachukua maziwa yake bila kuomba. Nilimweleza utani wa kwetu: kwamba mtani akichukua kitu chako hukasiriki, kwamba ukifa ndiye anayekuzika, na kwamba damu ya mtani haimwagwi. Aliupenda sana utaratibu huo. Mama, sikuwahi kuwa na rafiki kama yule, kabla wala baadaye.

Mwaka 2016 mjomba alibakiza miezi miwili astaafu. Alitaka aache mpaka umetulia. Alikuwa ametuona mimi na Shukuru, akacheka, kisha akanituma. Alisema niende nikamwambie kwamba Lukwele anataka utani kati ya watu wa milimani na wachungaji wa mto, waje wakubwa wao wale chakula, watukanane, yaishe. Shukuru aliniuliza mara moja tu kama kwetu jambo hilo linashikwa kweli. Nilimwapia kwa tumbo lako lililonizaa.

Wakaja wanaume kumi na wanne, saa sita mchana, mikono mitupu. Bunduki na mikuki waliiacha ng'ambo, kwa kuwa mimi ndiye niliyewafundisha kwamba kwa mtani huendi na silaha. Walimswaga mtamba mwekundu wa zawadi, mwenye alama ya Shukuru sikioni. Mjomba akawapokea kwa yale maneno ya geti na nyama. Walikula pilau na fahali mzima. Walimtukana tumbo lake, yeye akatukana harufu yao, na vicheko vyao vilifika barabarani. Mimi nilikuwa ndani ya gari, uani, nimeambiwa niwe tayari kumpeleka mgeni mmoja zahanati.

Saa tisa mjomba alinawa mikono, akajifuta taratibu, akaingia ndani. Hiyo ndiyo ilikuwa ishara. Geti likafungwa. Mgambo waliokuwa wakigawa mchuzi walitoa mapanga chini ya magunia ya mchele. Watu waliokaa chini na sahani magotini hawainuki haraka, Mama. Wa kwanza alikatwa akiwa bado anatafuna. Mmoja aliinua sahani kujikinga, ikaenda sahani na vidole. Mzee wao alijaribu kutambaa chini ya meza, wakamvuta kwa miguu. Pilau ikawa nyekundu. Sikufumba macho, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, kwamba niliweza kutazama.

Shukuru aliruka meza akakimbilia kwenye gari. Viganja vyake vilikuwa na mafuta ya nyama, vikaacha alama kwenye kioo. Hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi:

"Mtani, fungua."

Nilibonyeza kitasa cha kufungia. Milango yote minne ikajifunga kwa pamoja, na yeye akaisikia. Tulitazamana kupitia kioo. Halafu wakamfikia. Gari lilitikisika muda mrefu kuliko unavyoweza kudhani. Baadaye nililiosha kwa sabuni ya unga, na damu iliyoingia kwenye mpira wa dirisha niliichokonoa kwa kijiti cha kiberiti. Udongo wa kuwafukia niliusomba mimi. Shimo liko nyuma ya ghala la mbegu.

Ripoti ilisema wavamizi wenye silaha walirudishwa nyuma. Mjomba akastaafu kwa heshima na ngoma.

Kwa miaka minane nimejiambia kwamba yeye aliua, mimi niliendesha tu. Nimelala na hilo. Lakini mwezi wa tano, aliponiita hospitali na nyote mkatoka chumbani mtuache, mlidhani ananibariki. Mlipoingia mlinikuta nalia, na shangazi Theresia akasema ndivyo mjomba anavyompenda mpwa wake. Hakunibariki. Hakujuta hata kidogo. Alinishika mkono akaniambia hivi:

"Wapwa ninao watano. Mlango uliufunga wewe. Ndiyo maana jina ni lako."

Basi, Mama, umejua. Mwanao ndiye huyo.

Unaweza kudhani naandika ili nikatae jina. Hapana, ingawa nilishuka Mkuyuni siku ile nikiwa na nia hiyo. Nimefikiri sana tangu hapo. Kwetu anayechukua jina halichukui nusu. Wanawe wataniita baba, mjane wake atanitania kama mume, na nikikaa mahali, wazee watasema Lukwele amekaa. Kama bomba la maji litakuwa langu, na wale kumi na wanne ni wangu. Mama yake Shukuru yu hai. Mtu wa kivuko ninayewasiliana naye anasema bado anauliza kila mvukaji mifupa ya mwanawe iko wapi. Nikienda kumwambia kama Ernest, nitakuwa dereva anayepeleka umbea wa bosi wake aliyekufa. Yule mama anastahili kuambiwa na Lukwele mwenyewe, uso kwa uso.

Nimeshaandika maelezo yote, siku, mahali, na majina tisa ninayoyajua kati ya wale kumi na wanne, nikayaacha kwa mwanasheria hapa mjini. Lolote litakalonipata kule, karatasi zitakwenda zinapopaswa kwenda. Mkwe wako anajua. Amelia siku mbili, sasa ananifulia nguo za safari bila kunisemesha.

Unga ni wako wa kupaka. Wewe ndiye dada yake uliyebaki. Kama baada ya kusoma haya mkono utakataa, mwambie Martina, nami sitakulaumu, nitakwenda hivyo hivyo na jina langu la ubatizo. Lakini ukinipaka, ujue kwamba Lukwele utakayemwita Jumamosi ataondoka Jumatatu kwenda mtoni, na watu wa kule hawana sababu ya kumrudisha. Naogopa, Mama. Naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, na ningependa uwe umenikumbatia kabla.

Msalimie Esther, na umwambie asikuache upande shamba la juu peke yako. Msalimie shangazi Theresia, lakini haya usimwambie, nitamwambia mimi. Bibi Mwaisha msalimie pia. Hakukosea kitu, alifanya kazi yake.

Moja la mwisho. Ulipompokea Neema mwaka ule, ulidhani kaka yako amekununulia. Nilimleta mimi mwenyewe kwa Fuso hadi Mkuyuni, nikampandisha mlima kwa kamba. Kila Krismasi nimekunywa mtindi wake na kuusifu. Nenda zizini umshike sikio la kushoto, upitishe kidole ukingoni, utagusa mahali Shukuru alipokata alama yake. Tafadhali usimchinje. Si wetu, na Fuso ya kumrudisha nimeshaikodi.

Mwanao, ambaye hadi Jumamosi ya wiki ijayo bado ni

Ernest